Koti Kwenye Msumari

Fundi Mdogo alikuwa na miaka thelathini na minane, na mvi zilikwisha anza kumpigia hodi juu ya masikio. Hata hivyo mtaa mzima ulimwita Fundi Mdogo, kwa kuwa Fundi Mkubwa, baba yake mzazi, alikuwa bado anavuta pumzi. Angefuga ndevu zikamfika kitovuni, bado angekuwa mdogo. Udogo wake haukuwa wa umri. Ulikuwa wa sheria.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi: chaki ni ya baba, mkasi ni wa mwana. Baba huchora, mwana hukata. Ilikuwako na kanuni nyingine, ndogo, ya mkasi wenyewe: hausimami kwenye kona. Pale mstari unapopinda kwapani au shingoni, mkono uende mpaka umalize, kwani ukisita katikati kitambaa huota jino, na jino hilo hata pasi hailing'oi.

Mkabala na mlango, kwenye msumari, lilining'inia koti jeusi. Fundi Mdogo alilikata akiwa na miaka kumi na tisa, siku ambayo baba alikwenda kuzika rafiki na yeye akajitia ujuzi, akachora kwa mkono wake. Mkono wa kushoto wa koti ukatoka mfupi kwa vidole vitatu. Baba aliporudi hakumpiga wala hakumtukana. Alimpa nyundo na msumari.

"Ligongomee hapo," alisema, "ulione kila ukiinua kichwa."

Akaliona kwa miaka kumi na tisa. Mteja akiuliza koti la nani, baba hujibu, "La mwanangu. Ananingoja nife achore la pili." Wateja hucheka. Fundi Mdogo naye hucheka. Kucheka pamoja na wanaokucheka ni ufundi, na huo alijifunza bila mwalimu.

Miaka miwili nyuma, kiharusi kilimwangusha Fundi Mkubwa. Kilichukua mkono wake wa kulia na nuru ya jicho la upande huohuo. Kitanda chake kikahamishiwa chumba cha nyuma ya duka, nyuma ya pazia. Ungedhani sheria nayo ingelala. Wapi! Kila asubuhi mwana alitandaza kitambaa juu ya ubao, akauweka ubao mapajani mwa baba, akampa chaki mkono wa kushoto. Mkono ulitetemeka, mstari ukatoka umelewa. Mwana akakata ulevi ule kama ulivyo, kisha akashinda kutwa akiuficha ndani ya mishono, akikunja hapa, akivuta pale. Wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja, bila kugombana, kama watu wanaotoka msibani.

Barazani palikuwa na mpiga pasi, ambaye ulimi wake ulikuwa na moto kuliko pasi yake ya mkaa.

"Fundi Mdogo, suruali yenu ya jana imenizungusha mpaka nikaona kizunguzungu. Mguu mmoja unakwenda sokoni, wa pili unarudi nyumbani!"

"Piga pasi wewe, acha maneno."

"Naacha. Ila nieleze kitu kimoja, ndugu yangu. Chaki iko kwa mgonjwa, mkasi uko kwa mzima. Mbona anayekufa ni nguo?"

Fundi Mdogo alikaa kwenye cherehani, akakanyaga. Mara nyingi alijitazama miguu wakati ule: ilikwenda kutwa nzima, mbele nyuma, mbele nyuma, na jioni ilikuwa palepale. Wenzake aliokua nao walikwisha hama, wakaoa, wakaachwa, wakafilisika, wakainuka tena. Yeye hata kuanguka hakuwahi kuanguka. Hujaanguka kama hujatoka.

Jumatatu moja akaingia mkunga wa mtaa, mwanamke mnene, mfupi wa maneno, aliyewapokea duniani nusu ya watoto wa njia ile. Mumewe alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Alibeba koti jeusi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Fundi Mkubwa yuko?"

"Yuko, mama. Amepumzika. Nieleze mimi."

"Nitamweleza mwenyewe," alisema, akapita, akalifunua pazia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu," ilijibu sauti, nzito, ya mdomo uliopinda.

"Koti la marehemu. Yeye alikuwa mwembamba, mimi unaniona. Ninaitwa alfajiri kwa wazazi, baridi inanipiga, nami nataka nitoke nalo. Linanibana ubavuni na kwapani. Nguo yake nyingine sina, zote ndugu zake wamegawana. Hili nililificha chini ya godoro." Akalikumbatia koti. "Mzee, hili likiharibika sitakuwa na mume mara mbili."

"Mikononi mwangu halijaharibika koti," alisema Fundi Mkubwa. "Lililoharibika liko pale ukutani, na mwenyewe unamjua."

Mkunga hakucheka. Alisema atarudi Jumamosi, akaenda zake.

Fundi Mdogo alilifumua koti mishono yote, akakipima kitambaa. Kilichofichwa ndani ya mishono ya ubavu kingetosha kulipanua, ila ziada haikubaki hata ya kufunika kidole. Kwapa lilitaka kuteremshwa kwa upana wa kidole kimoja, basi. Mtoto wa fundi angeliona hilo akiwa amefumba macho.

Akautandaza upande wa mbele juu ya ubao, akampelekea baba.

Chaki ikaanza vizuri begani. Ikateremka. Ilipofika kwapani haikugeuka pale pa kugeukia. Ikaingia ndani, ikakata kifua, ikaenda kiganja kizima kuelekea matundu ya vifungo, ndipo ikajikumbuka na kurudi. Fundi Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa, jicho lake zima limekaza. Akapuliza unga wa chaki kwa madaha, kama zamani.

"Haya. Peleka."

"Baba..."

"Nini?"

Maneno yalikuwa manne tu: baba, mstari umekosea njia. Kupitia ufa wa pazia aliliona koti ukutani, na mkono wake mfupi.

"Hakuna, baba."

Alisimama mbele ya meza ya kukatia, mkasi mkononi. Nani alimlazimisha? Nusu saa ya mvuke wa pasi na kipande kipya cha chaki vingetosha kuufuta mstari ule na kuchora mwingine, wala baba asingejua. Lakini mtu akifungwa miaka mingi, mlango ukiachwa wazi huurudisha mwenyewe. Akakata. Mkasi ulilia ule mlio wake wa kutafuna, ukashuka, ukaingia kwenye mpindo. Hapo moyo ulimwambia simama. Kanuni ikamwambia mkasi hausimami kwenye kona. Akaifuata kanuni. Akalipasua koti la marehemu kifuani, kwa unyoofu na ustadi, bila jino hata moja.

Mpiga pasi, aliyekuja kuomba kiberiti, alikikuta kipande mezani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuchekesha.

"Umeona unachokata?" aliuliza taratibu.

"Niliona."

"Ukakata?"

"Nikakata."

"Basi mgonjwa humu si mmoja," alisema mpiga pasi, akatoka bila kiberiti.

Fundi Mdogo alikichukua kile kipande, akaenda nacho nyuma ya pazia, akauweka mkono wa baba juu ya mkato. Vidole vya mzee vilitembea ukingoni, vikafika kifuani, vikasimama. Vilijua. Vidole vya miaka hamsini ya kazi havidanganyiki. Uso wa mzee ukawa majivu. Mwana alingoja. Laiti angesema neno moja tu, hata kuguna.

"Hukukinyoosha kitambaa," alisema Fundi Mkubwa. "Uliniletea kimejikunja. Chukua msumari, kigongomee kando ya lile."

Mwana akarudi dukani. Akatafuta msumari, akauweka mdomoni, akashika nyundo, akapanda juu ya stuli. Ndiyo, alipanda! Alikuwa na kipande cha koti la mkunga mkono mmoja na nyundo mkono wa pili, macho kwa macho na koti lake mwenyewe. Miaka kumi na tisa hakuwa amelisogelea hivyo. Akalipuliza vumbi. Chini ya vumbi kitambaa kilikuwa cheusi, kizito, kizima. Kosa lilikuwa vidole vitatu vya mkono mmoja. Kilichobaki kilikuwa koti zima la nguo njema, lililoning'inizwa kwa ajili ya vidole vitatu.

Akautema msumari. Akalishusha koti.

"Unafanya nini huko?" baba aliita.

"Nalifumua, baba."

"Lipi?"

"Langu."

Kitanda kikalia, na mzee akapaza sauti ambayo haikuwa imesikika tangu kiharusi. "Usiliguse! Nimesema usiliguse! Nani amekuchorea?"

Hakuna aliyemchorea. Alikata kipande cha kifua kutoka kwenye koti la aibu yake kwa jicho tu, kwa kuwa chaki ilikuwa kitandani. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kope. Nyuma ya pazia mzee alilaani, akaomba, akamwita kwa jina la utotoni, akalaani tena, mwishowe akageukia ukuta. Tangu saa ile hakusema naye. Uji alikula, dawa alikunywa. Neno hakutoa.

Jumamosi mkunga alikuja, akalivaa koti mbele ya kioo. Lilimkaa. Lakini weusi wa koti moja si weusi wa jingine. Aliposogea mlangoni, jua likakionyesha kiraka kifuani. Akakishika.

"Hiki si chake."

"Siyo, mama. Ni cha koti langu. La kwako nililikata vibaya, nikiona."

Mkunga akainamisha pua begani, akavuta pumzi, kisha akakinusa kifua. "Huku kuna harufu yake," alisema. "Huku ni vumbi." Macho yakamjaa, hakuyapangusa. Fundi Mdogo hakutazama chini. Hilo tu ndilo aliloweza kumpa.

"Nimewatoa watoto waliokwama," alisema mwanamke hatimaye, akifunga vifungo. "Wengine wanatoka na kovu. Sikusifu, nakwambia tu." Akatoka na koti lake. Hakurudi tena dukani pale.

Jumatatu ikaja. Ukutani pamebaki msumari na alama ya koti, nyeupe kuliko ukuta. Fundi Mdogo alitandaza kitambaa cha suruali juu ya ubao, akaupeleka nyuma ya pazia kama kila siku. Baba hakumtazama, lakini mkono wa kushoto ulinyooshwa. Akaupa chaki. Mstari ukatoka umelewa, ukapepesuka mpaka mwisho.

"Asante, baba."

Mezani, akakigeuza kitambaa upande wa pili, uliokuwa safi. Akatoa mfukoni chaki mpya, yake, akachora. Kisha akashika mkasi.

Fundi wa miaka hamsini huujua mstari wake kwa kusikia tu. Mkasi ulitafuna moja kwa moja pale ulipopaswa kupepesuka, na nyuma ya pazia pumzi ilikatika.

"Huo si wangu," alisema Fundi Mkubwa. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu siku ile.

"Siyo, baba."

Kitu kidogo kikaanguka sakafuni, kikavunjika. Ilikuwa chaki. Kisha ikaja sauti ya mzee analia, kavu, isiyozoea kazi hiyo. Mwana alitaka kwenda. Miguu iligeuka kabisa, ikaelekea pazia. Lakini mkasi ulikuwa umekwisha ingia kwenye mpindo, na mkasi hausimami kwenye kona. Akamaliza kwanza kukata, huku machozi yakimdondokea mkononi, ndipo akaenda kuiokota chaki.