Shilingi ya Vichwa Viwili

Riungu alimwona mgeni akiwa bado mbali, akishuka na Mutembei kando ya mfereji. Tangu habari zienee sokoni Ruiri kwamba kuna mtu wa Embu anayenunua sarafu zilizokosewa kiwandani, Riungu hakukanyaga soko. Wiki tatu alijificha shambani kama mwizi. Sasa ndugu yake wa tumbo moja alikuwa anamletea mtu huyo mpaka mlangoni.

"Kaka, shika mbwa!" Mutembei alipaza sauti. "Nimekuletea kichaa. Ananunua pesa mbovu. Nimemwambia hata mimi ni mbovu, lakini hajataja bei."

Mgeni alicheka. Jina lake Kithaka, karani mstaafu mwenye miwani minene na mkoba wa ngozi. Makandi, mke wa Riungu, alileta viti na chai, wakaketi kwenye kivuli cha ghala. Kithaka akafungua mkoba na kutoa sarafu zake, kila moja ndani ya karatasi yake. Moja ilikuwa ya senti kumi iliyogongwa pembeni, nusu yake ikabaki tupu. Nyingine ilikuwa na ufa kama yai.

"Nzima hazinisumbui," alisema. "Nzima ni kama mchanga. Lakini hizi mashine ilikosea, kisha wakaguzi wakapitiwa, kisha watu wakazitumia bila kuangalia. Zimeponyoka mara tatu. Huo ndio utamu wake."

"Kumbe kasoro ina faida," Mutembei alisema. "Shemeji, umesikia? Siku nyingine usinicheke meno."

Makandi alicheka mpaka birika likatikisika. Riungu hakucheka. Aliwaza jambo moja tu: shamba. Pale alipoketi palikuwa na ekari nne za udongo mweusi, maji yakipita mwaka mzima. Mutembei alikuwa na ekari nne za juu, mawe matupu, ambako mahindi yalikauka kabla ya kufika kiunoni. Baba yao alikufa mwaka wa sabini na tano bila kusema nani achukue wapi. Wazee wa ukoo walikaa siku mbili wakashindwa kukata shauri, ndipo Riungu aliposema, basi turushe shilingi, Mungu aamue. Wazee wakakubali kwa sharti la kiapo. Beberu alipigwa akiwa hai mpaka mifupa ikavunjika, na kila ndugu akatamka kwamba akifanya hila, nyumba yake ivunjike hivyo hivyo, yeye na watoto wake. Riungu alitamka bila kukwama. Kisha akasema yeye ndiye mkubwa, anachagua kwanza, na akachagua kichwa, Mutembei akabakiwa na upande wa ngao. Shilingi ilitoka mfukoni mwake, na ilipoanguka aliwahi kuiokota.

"Lakini Baba Igoki," Makandi alisema, "si wewe pia unayo moja?"

"Sina kitu."

"Ile ya kwenye mkebe wa misumari, iliyofungwa kitambaa."

"Ilipotea."

"Haijapotea. Juzi nilikuwa natafuta msumari wa mlango wa kuku, nikaiona." Alikuwa ameshasimama, furaha imemjaa usoni kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Riungu alitaka kumwita arudi, lakini angemwambia nini mbele ya watu? Mara mbili alikuwa amekwenda mtoni kuitupa ile shilingi, na mara zote mbili vidole vilikataa kufunguka. Aliogopa maji yangeitoa mahali pengine, mkononi mwa mtu mwingine.

Kithaka aliiweka chini ya kioo chake cha kukuzia.

"Ngai wakwa, Mungu wangu," alisema polepole. "Sarafu iliyotangulia ilinasa kwenye mashine. Hii ilipofuata, badala ya kugongwa ngao ikagongwa kichwa cha mwenzake. Tazameni, upande huu kichwa kimetokeza, upande huu kimezama na kinatazama kwingine. Vichwa viwili! Mzee, kwa hii nitakupa bei ya ng'ombe wawili wa maziwa." Akacheka peke yake. "Ukiwa na hii hakuna wa kukushinda kurusha. Sema kichwa tu, umemaliza."

Mutembei alinyoosha mkono, akapewa. Aliigeuza mara moja, akaigeuza tena. Kicheko kilimwisha usoni taratibu.

"Uliipata lini, kaka?"

"Juzijuzi. Kwenye chenji ya sukari."

"Juzi gani?" Makandi alishangaa. "Mimi niliikuta kwenye mkebe wiki niliyoolewa hapa."

Mfereji ulisikika ukipita.

"Mimi nilibakiwa na ngao," Mutembei alimwambia Kithaka, kama anayetoa ushahidi. "Na ngao haikuwemo."

"Sielewi, ndugu."

"Huwezi kuelewa." Akaitia shilingi kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. "Hii haiuzwi leo. Kwanza ataiona Mzee Thuranira. Wazee wengine wa kiapo wote wamekufa, lakini yeye yupo, na ndiye aliyeshika miguu ya yule beberu."

"Mutembei, keti," Riungu alisema. "Nitakukatia upande wa maji. Leo hii. Chukua hata wote."

"Shamba ningekusamehe. Lakini ulikula kiapo, kaka, na hicho si changu kusamehe."

Akaondoka, akipanda kilima bila haraka. Kithaka alikusanya karatasi zake, akaaga kwa sauti ndogo, akaondoka kwa njia nyingine.

Makandi alikuwa bado ameshika birika.

"Tulipomzika mwanetu Muthamia," alisema, "Thuranira alinivuta kando akaniuliza kama kuna neno limefichwa katika nyumba hii. Nilimtukana. Nilimwambia ana roho mbaya."

"Mtoto alikufa kwa homa ya mapafu. Daktari alisema."

"Na Ciakuthii, naye tuliyemzika?"

Riungu alisukuma kikombe chake kando.

Igoki, binti aliyebaki, alitoka jikoni na kuinua kikombe cha baba yake anywe chai iliyosalia. Makandi alimpokonya, akamwaga chai yote chini.

"Kusanya nguo zako," alimwambia. "Tunakwenda kwa nyanya yako."

"Na baba je?"

"Zako tu, nimesema."