Jina Kwenye Sakitu

Siku za kurusha roketi, Kapitolina Yegorovna huzidisha kitunguu kwenye mikate ya kabichi, kwa sababu askari wa jukwaani hula huku ndimi zao zimekufa ganzi kwa baridi. Asubuhi ile aliwapelekea sinia mbili na birika la chai. Alikuwa mpishi wa kambi ile ya kaskazini tangu ujana wake, na hakuna kanali aliyewahi kuthubutu kumwambia apunguze chumvi.

Roketi ilikuwa imeshajazwa oksijeni ya baridi kali, ikavaa kiunoni utando mweupe wa sakitu, ule umande ulioganda. Juu ilibeba setilaiti ya mawasiliano ya jeshi, ili makamanda wazungumze na askari walioko vitani. Luteni Ignat alipanda ngazi kuandika “Tanya” kwa kidole, kama ilivyo desturi. Tanya alikuwa mchumba wa ofisa mmoja wa zamani, na wanasema siku waliposahau kuandika jina lake, roketi ililipuka. Tangu hapo hakuna anayebisha.

Luteni akaandika Tanya. Sakitu ikalifuta, ikaandika Rodya.

Akaandika tena, kwa herufi kubwa. Sakitu ikamsubiri amalize, kisha ikaandika Rodya.

“Ignat, Tanya umeshamwacha?” askari mmoja alimtania.

“Mimi namwandika yeye. Roketi ndiyo ina wake.”

“Rodya ndiye nani?” aliuliza Kanali Bulygin, mkate mdomoni.

“Mwanangu,” alisema Kapitolina. “Mwandiko wake huo. Tumbo la R hajawahi kulifunga, mwalimu alimpigia kelele mpaka akachoka.”

Rodion, ambaye mama yake tu ndiye aliyemwita Rodya, alikwenda vitani kama fundi wa redio, na tangu majira ya mapukutiko alikuwa kimya. Kila Alhamisi mama alikwenda ofisi ya jeshi mjini kuuliza yuko wapi, na kila Alhamisi akajibiwa kwamba hakuna taarifa. Mtu si sindano apotee kwenye nyasi, aliwaambia. Alitaka kutajiwa mahali, basi, akamchukue, awe mzima au maiti. Ilimuuma, na hakuficha kwamba ilimuuma.

Kanali alimeza tonge, akaitazama anga. Ilikuwa nyeupe na tulivu.

“Tanya atatusamehe,” alisema. “Rusheni.”

Roketi ikapaa vizuri kuliko zote za mwaka ule. Setilaiti ikashika njia yake bila kuyumba, na sauti zikashuka safi kana kwamba msemaji amekaa meza moja nawe. Ila kila mazungumzo, yawe ya jenerali au ya mtunza ghala, yalianza na kijana yule yule: “Mama, ni Rodya. Nipo chini ya daraja la reli, upande wa kinu cha unga. Vaa soksi nzito.”

Jeshi ni jeshi. Mafundi walikagua mitambo, hawakuona kasoro. Amri ikatoka kwamba kila mtumiaji amwache kijana amalize, ndipo aseme lake. Majenerali wakasubiri. Wengine walizoea kumjibu, “Sawa, Rodya,” kabla ya kuagiza makombora.

Alhamisi iliyofuata Kapitolina aliingia ofisini amevaa soksi za sufu mbili mbili, kichwa juu. Dirishani alikuwepo Kapteni Yefim, aliyelishwa na mama huyo tangu akiwa kuruta.

“Nimekuja kumchukua mwanangu. Yupo chini ya daraja la reli, upande wa kinu cha unga.”

“Hatuna taarifa za askari huyo, Kapitolina Yegorovna.”

Redio iliyokuwa mezani nyuma yake ikakoroma. “Mama, ni Rodya,” ikaanza. Kapteni akainua kidole kumwomba mama asubiri, na wote wawili wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha mkubwa wake akauliza redioni kama makaa ya mawe yamefika. Kapteni akajibu kwamba yamefika, akageuka tena dirishani.

“Hatuna taarifa,” alisema kwa upole.

Kapitolina akavuta kiti, akakaa, akafungua kitambaa chenye mikate ya moto. Alimpitishia mmoja dirishani.

“Kula. Ukimaliza nitakuuliza tena.”

Kapteni akala mpaka makombo, akapangusa vidole. Mama akamuuliza tena. Hatuna taarifa, akasema, na nyuma yake Rodya akamkumbusha mama avae soksi.