Rangi ya Chini

Mzee Ogoti wa Sironga aliniuzia Morris yake ya kijani kwa sharti moja: nisiibadilishe rangi. Nilimwambia gari nikishalinunua ni langu, na mimi sipangiwi na mtu. Akanitazama sana, kisha akaniuliza mama yangu ni nani. Nikamtajia, naye akanikabidhi funguo.

Wiki mbili nilishinda nalo gereji mjini Nyamira. Niling'oa injini ya zamani nikaweka ya Toyota, nikalifunga magurudumu mapana. Jana nikalileta nyumbani, nikashika msasa kwa ubishi tu. Kijani kikatoka, chini yake ikatokea rangi ya maziwa. Kwenye mlango wa nyuma pati, ule ujiji wa kuzibia bati, ikabanduka, kumbe bati lilikuwa limebonyea, upana wa kiganja.

Mama alikuwa anatoka kuchuma majani chai, kikapu mgongoni. Alisimama ghafla. Akaja polepole, akaweka vidole pale palipobonyea.

"Hapa ndipo jembe langu lilipogonga," alisema. "Siku wale wanaume walipomchukua baba yako kwa gari hili. Nililirusha, na hawakusimama."

Siku hiyo mimi nilikuwa na miezi minne. Baba hakuonekana tena. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, na ndani yake ukoo ulizika shina la mgomba, kwa sababu mwili haukupatikana.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Mzee Ogoti.

"Onyancha," alisema kwa upole, "mama yako ameshaliona?"