Thrill na Sikio la Kushoto la Mwalimu Mwanamize

Usiku wa kuamkia harusi ya binti yake, Mwalimu Mwanamize aliota yumo darasani, na kitenzi cha Kiingereza kikabisha hodi.

Sasa, mjueni huyu mama. Tangu utotoni ana sikio moja tu lililotogwa. La kushoto aliliokoa kwa mbio, akajificha uvunguni mpaka mtogaji akachoka, akaenda zake. Kukicha binti yake, Riziki, anaolewa, na kwao mama wa bibi harusi lazima avae vipuli vya marehemu nyanya, vyote viwili. Wamekubaliana cha kushoto kibandikwe kwa gundi. Aibu iliyoje!

Kitenzi kinaingia. Ni kibibi kifupi, kimejifunga kanga, kina sindano mkononi.

"Naitwa Thrill," kinasema, kikijikalia mezani.

"Nakujua. Nakufundisha kila mwaka. Maana yako ni kumfurahisha mtu mpaka mwili umsisimke."

"Hiyo kazi ya uzeeni, mwanangu. Ujanani, huko Uingereza, nilikuwa natoboa tu."

"Kweli kabisa," inadakia pua ya Mwanamize. "Nostril, yaani tundu la pua. Hiyo 'tril' ya mwisho ni yeye huyu, maana yake tundu."

Darasa limeshakuwa ukumbi wa harusi. Riziki anapita, kapendeza, mashallah! Vigelegele vinaruka, vinagonga sikio la kushoto la mama yake, vinadondoka sakafuni. Mwanamize anaviokota, anajaribu kuviingiza kwa kidole. Wapi!

"Haviingii," anasema, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu anaolewa, nami sisikii raha hata chembe."

"Viingilie wapi?" kinauliza kitenzi. "Mlango uliufunga mwenyewe."

Mwanamize anatazama sindano. Anatazama uvungu wa meza, unamtosha. Kisha anamwona Riziki akimtafuta mama yake kwa macho.

"Toboa basi, bibi. Lakini taratibu!"

Sindano inapita. Mwili unamsisimka kuanzia utosini mpaka nyayoni, na vigelegele vyote vinammiminikia ndani kwa pamoja. Anacheka kwa sauti.

Kicheko hicho ndicho kilichomwamsha. Riziki alikuwa amesimama kando ya kitanda, vipuli mkono mmoja, gundi mkono wa pili.

"Mama," alisema akiinama, "nani kakutia uzi sikioni?"

Mwanamize akapapasa. Ulikuwa uzi mweusi, umepigwa fundo, kama wafungavyo watogaji.

"Rudisha gundi dukani, mwanangu," akasema. "Nivishe."