Mkono wa Asiyejua

Dada yangu alipoletwa kwenye darasa letu kufanya mazoezi ya kufundisha, kwanza alinionya nisimwite dada. Kisha akawatajia wenzangu jina langu la nyumbani, Kwikwi, kwa ajili ya kigugumizi changu. Darasa likaangua kicheko. Hivyo ndivyo alivyojipatia wanafunzi wa kumpenda, kwa kunitoa mimi kafara.

Nyumbani nilikuwa na kazi nyingine. Kila jioni alisimama mbele ya kabati la vyombo akifundisha, na darasa zima nilikuwa mimi, kwenye kigoda. Alinisomea hadithi ya mama aliyeuza cherehani yake, akaniuliza maswali, akanisubiri nijikongoje na maneno mpaka niyamalize. "Umepatia, mdogo wangu," alisema. Hadithi ile niliijua mpaka koma zake.

Alikuwa na haki ya kuhangaika. Mazoezi ya mwaka uliopita aliyashindwa, na chuo kilimwambia wazi kwamba akianguka tena afungashe virago. Na mama alishaanza kumwita "mwalimu" mbele ya majirani.

Siku moja kabla ya msimamizi kuja kutoka chuoni, dada alifunga mlango wa darasa, akatupanga.

"Kesho nikiuliza swali, wote mnanyoosha mikono. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia tu. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Kwikwi, wewe kushoto. Maswali yote."

"La-lakini na-najua..."

"Najua unajua. Ukianza kugugumiza hapa, kipindi kitaisha na mimi nitaisha nacho. Kushoto!"

Wakacheka tena. Niliumia, sitaki kusema uongo. Niliumia kuliko siku ya jina.

Msimamizi alikuwa mama mmoja mnene, mpole, akaketi dawati la nyuma. Dada alisoma hadithi vizuri, akaandika ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza. Swali likatoka, mikono yote ikapanda, wa kulia akajibu. Likatoka jingine, vilevile. Dada akaanza kuchangamka. Ndipo yule mama akasimama.

"Samahani, mwalimu, naomba niulize mimi." Akatugeukia. "Huyu mama wa kwenye hadithi aliuza cherehani kwa nini?"

Mikono juu. Akapita katikati ya madawati, akasimama kwangu.

"Huyu kanyoosha mkono kipindi kizima na hajaulizwa hata mara moja. Haya, sema, mwanangu."

Dada alinitazama. Kwa mara ya kwanza darasani, macho yake yalikuwa yale ya nyumbani, ya jioni mbele ya kabati. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lilikuwa fupi, hata kwangu mimi.

"Mi-mimi nimenyoosha wa ku-kushoto," nikasema. "Wa kushoto ha-hatujui. Mwa-mwalimu ndiye ka-katupanga."

Safari hii hakucheka mtu. Msimamizi alinisubiri mpaka nikamaliza, kisha akarudi nyuma kuchukua mkoba wake.

Jioni dada alijifungia chumbani, kilio chake kikasikika nyumba nzima. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Jamani, nani anajua mwenzenu analilia nini?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu. Nikanyoosha mkono wa kulia.