Msimamizi Aliyekata Simu

Ardelle Pettiford alikuwa amezichoka ngazi. Yeye na mumewe Wendell walipanga ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu, na kila majira ya baridi magoti ya Wendell yalilia kama bawaba za mlango mkongwe. Kwa hiyo alipoona tangazo la nyumba ya ghorofa ya chini, vyumba viwili, madirisha yanayotazama ile bustani ambayo mji mzima wa Rochester huimiminikia maua ya zambarau yanapochanua, moyo ulimruka.

Wote wawili ni viziwi. Kule Rochester hilo si jambo la kugeuziwa shingo. Viziwi wamejaa mji huo tangu zamani, wana shule yao na chuo chao, na hata wauza soseji wa barabarani wanajua kuuliza kwa mikono kama unataka haradali. Ardelle alifanya alivyozoea. Alifungua video kwenye simu, mkalimani wa kiume akatokea kiooni, yeye akaongea kwa alama, mkalimani akayatamka maneno yake kwa msimamizi wa jengo, mtu aitwaye Strobel.

"Amekata," mkalimani alimwambia.

Walipiga tena. Safari hii mkalimani alieleza kwanza, pole pole, kwamba anayepiga ni mama kiziwi anayetafuta nyumba. Ardelle aliona uso wake ukibadilika.

"Anasema nyumba imeshachukuliwa. Halafu anasema hana muda wa mambo haya. Amekata."

Kesho yake tangazo lilikuwa bado lipo. Ardelle alikuwa kazini, kwenye duka la mikate ambako hupamba keki za harusi, na waridi la krimu alilokuwa akilitengeneza likatoka kama kabichi. Concetta, mwenzake wa meza moja, aliliona. Concetta anasikia, lakini alikuwa amejifunza lugha ya alama kutoka kwa Ardelle, na mikono yake ilikuwa na lafudhi nzito ya kuchekesha.

"Nani kakuudhi, shoga?" aliuliza.

Ardelle alimweleza. Concetta alifuta unga mikononi, akachukua simu yake, akampigia Strobel palepale. Alipomaliza alikuwa amekunja uso.

"Kaniambia nije leo hii nikiweza. Ufunguo anao mfukoni. Kaniita 'mama mpendwa'!"

Jioni Wendell alipokuwa akikaanga viazi, Ardelle alimsimulia yote. Wendell aliweka mwiko chini ili mikono iwe huru.

"Tuachane naye, mke wangu. Nyumba ziko tele."

"Ziko tele kwa nani?" Ardelle alijibu. "Kwa Concetta?"

Wendell akarudi kwenye kikaango. Viazi viliungua kidogo, wakala hivyohivyo.

Kulikuwa na chama mjini kinachowasaidia wapangaji waliobaguliwa. Ardelle alikiandikia ujumbe, akaitwa. Alikwenda akiwa amejiandaa kwa vita, maana amezoea kufika ofisini na kuambiwa hakuna mkalimani, rudi wiki ijayo. Lakini alipoingia alimkuta mkalimani ameshakaa, na pembeni yake mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, Noreen Tillotson, ambaye alimtazama Ardelle machoni alipoongea, si mkalimani. Mabega ya Ardelle yakashuka.

"Sina wakili," alianza.

"Humhitaji. Wala hulipi hata senti."

"Wala sina ushahidi. Atasema nyumba ilikuwa imechukuliwa kweli."

"Kuchunguza ni kazi yetu," Noreen alisema. "Kazi yako wewe ni kunieleza yaliyotokea. Siku gani ulipiga, alisema nini, kwa maneno yake. Lile tangazo ulilipiga picha?"

"Nilipiga. Na rafiki yangu alimpigia akakaribishwa."

"Basi umekuja na mengi kuliko unavyodhani. Sheria inakupa mwaka mzima kulalamika, lakini habari ikiwa mbichi ni bora."

Ardelle aliuliza lililokuwa likimkosesha raha tangu asubuhi. "Na akitaka kulipiza kisasi? Akawaambia wenye nyumba wengine kwamba mimi ni mgomvi?"

"Kulipiza kisasi nako ni kosa. Akijaribu, unaniambia siku hiyohiyo, tunaongeza kwenye malalamiko."

Chama kikawatuma watu wake wenyewe kumpigia Strobel. Kiziwi mmoja alipiga kupitia mkalimani, akakatiwa. Mwingine anayesikia alipiga muda mfupi baadaye, akaalikwa kuja kuona jiko jipya. Noreen akamsaidia Ardelle kupeleka malalamiko kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia haki za makazi. Hapo palikuwa na kungoja kwingi, theluji ikaanguka ikayeyuka, na Wendell akawa anauliza kila Ijumaa kama wamesahauliwa. Hawakusahauliwa. Waliitwa kwenye usuluhishi.

Kumbe Strobel alikuwa jitu kubwa lenye kofia ya besiboli na masikio mekundu. Karibu yake alikaa mwenye jengo, bibi wa makamo aliyeonekana kutamani ardhi immeze.

"Nilidhani ni matapeli," Strobel alisema. "Sauti ya mwanamume inaniambia, 'Naitwa Ardelle, nafanya kazi ya kupamba keki.' Ningefikiria nini?"

Ardelle alicheka. Hakupanga kucheka, ila picha ile ilimshinda. Kisha akaacha.

"Simu ya kwanza nakuelewa," alisema kupitia mkalimani. "Ya pili ulielezwa mimi ni nani, na ndipo ukanidanganya."

Strobel alivua kofia. "Niliwaza pia, moto ukitokea je? Hawatasikia kengele."

Wendell alinyoosha mkono kuomba zamu. "Bwana, sisi kengele yetu ni taa, inawaka chumba kizima. Tena sisi tukinusa moshi tunaamka. Wewe ndiye nina wasiwasi nawe, unavyoonekana unakoroma."

Mwenye jengo alicheka wa kwanza. Strobel akafuata, kwa shida.

Walikubaliana siku ileile. Nyumba ya kwanza ilikuwa imeshapangishwa, lakini ya jirani yake ingekuwa wazi majira ya kuchipua, na ilikuwa ya akina Pettiford wakiitaka. Taa za kengele ya moto zingewekwa. Strobel na wenzake wangesomeshwa sheria, na Ardelle angelipwa fidia ya usumbufu. Alipotoka nje alishika mkono wa Wendell, wakatembea hadi kituoni bila kusema neno, maana mikono ilikuwa na kazi nyingine.

Walihamia wakati bustani ikiwa zambarau tupu. Jumamosi ya kwanza wakawaalika marafiki kucheza karata. Viziwi wakifurahi wana fujo. Wanagonga meza kuitana, wanapiga mguu sakafuni, wanacheka kwa sauti wasiyojua ukubwa wake. Katikati ya mchezo taa ya kengele ya mlango ikamulika. Alikuwa Strobel, ameshika simu yenye ujumbe alioandika: *Samahani, mama. Jirani wa juu analalamikia kelele.*

Ardelle alisoma mara mbili, akampa Wendell. Wendell akaipitisha meza nzima, na kicheko kilichozuka bila shaka kilimfikia jirani wa juu.

"Mwambie tunavua viatu," Wendell alisema, akiwa amejishika mbavu.

Ardelle aliandika hivyo, akaongeza: *Ingia ule keki.* Strobel alisitasita kizingitini, kisha akainama kufungua kamba za buti zake.