Maneno Yaliyokatwa

Kundi lao lilikuwa la watu watatu na halikuwa na mwimbaji. Nyuzi alipiga gitaa, mumewe Radi alipiga dramu, na besi ilikuwa mikononi mwa kaka yake Nyuzi. Mashabiki wa roki waliwafuata kila walikopiga, maana kwa ufundi hawakuwa na mpinzani. Lakini hakuna aliyewahi kuwasikia wakisema neno jukwaani. Walipanda, wakapiga, wakainama, wakashuka.

Kwa hiyo ukumbi mzima ulipigwa na butwaa siku ya tamasha lililorekodiwa, pale Radi alipoacha dramu katikati ya onyesho, jasho likimtiririka hadi viwikoni, akachukua kipaza sauti cha mshereheshaji.

“Samahanini,” alisema. “Mimi si msemaji. Ila nyumbani kwetu tulikuwa wawili, na sasa tunamngoja wa tatu.”

Ukumbi ukalipuka. Nyuzi aliona haya, akaangalia chini, kisha akaanza wimbo wao mrefu kuliko zote huku bado anacheka. Hajawahi kupiga vile, kabla wala baadaye.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, na hakulia. Walimzika asubuhi, watu wachache tu. Radi alirudi nyumbani akakifungua kitanda kidogo alichokwisha kukiunga, akakirudisha ubao kwa ubao ndani ya boksi lake. Hawakulizungumza tena.

Albamu ya tamasha ilipokaribia kutoka, fundi mitambo, rafiki yake Nyuzi tangu utotoni, alimwita studio aje kuisikiliza. Nyuzi alikaa kwenye kochi lililochanika mkono, akafumba macho. Makofi yalififia, wimbo mrefu ukaanza.

“Rudisha nyuma,” alisema.

Fundi alirudisha. Makofi, kisha gitaa.

“Umekata maneno ya Radi.”

“Shemeji ndiye aliyeniomba,” fundi alisema bila kumtazama. “Nilidhani mmekubaliana, dada.”

Nyumbani alimkuta Radi jikoni akimenya viazi. Hakuzungusha maneno.

“Kwa nini hukuniuliza?”

“Ningekuuliza vipi? Watu wataisikia, Nyuzi. Watanisimamisha njiani, hongera baba, hongera baba. Nitawajibu nini?”

“Hana picha. Hana hata jina. Pale ndipo mahali pekee watu walipomshangilia mwanangu.”

“Mwanetu,” Radi alisema. Aliweka kisu chini, akaifunika sufuria ya maji. “Nikiisikia sauti yangu ile, naona ni mimi niliyemponza. Miaka yote nimefunga mdomo. Siku moja tu nimeufungua.”

Nyuzi alikuwa ameingia na hasira za kutosha nyumba nzima, zikamwishia palepale. Daktari alishawaeleza kwamba haikuwa kosa la mtu. Lakini jambo kama hilo halimwingii mtu kwa kuelezwa, na yeye alilijua hilo. Alichukua kisu akamalizia viazi. Kesho yake akampigia fundi simu. “Acha ilivyo,” alimwambia, akakata simu.

Albamu ikatoka, ikasifiwa kila upande. Siku ya uzinduzi, watatu hao walikaa nyuma ya meza kwenye duka la muziki wakitia saini majalada. Mwanamke wa makamo, bado amevaa koti lake la kiwandani, alisogea mbele ya Radi.

“Nilikuwepo siku ile,” alisema. “Nimeisikiliza yote nikiyatafuta yale maneno yako, sikuyasikia. Mtoto hajambo? Sasa hivi si anatambaa?”

Kaka mtu aliinua kichwa. Nyuzi alifungua mdomo aseme chochote kile, Radi akamwahi.

“Hatunaye,” alisema. “Alikuwa wa kike.”

Mwanamke alimshika mkono. “Poleni, wanangu. Poleni sana.”

Radi alijaribu kuandika jina lake mwenyewe kwenye jalada, na mkono ule uliosifika kwa kasi ukagoma. Nyuzi aliichukua kalamu akamwandikia. Hapo Radi akainamia meza, akalia kwa sauti mbele za watu, kilio alichokizuia tangu makaburini. Nyuzi alisogeza kiti akamwegemea, machozi yake yakidondoka shingoni mwa mumewe.

Kaka mtu akasimama, akawaomba watu kwenye foleni wasubiri kidogo. Wakasubiri.